Risala ya Klabu ya Historia kwa Mgeni Rasmi, Maonyesho ya Picha za Zamani za Bonde la Korogwe

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mkuu wa Wilaya ya Korogwe,
Mkuu wa Shule na walimu wetu,
Wazee wetu mliotoka Manundu, Ngombezi, Hale, Mombo na Mazinde,
Wazazi na wanafunzi wenzetu,

Shikamooni.

Kwa heshima na taadhima tunakushukuru kwa kuitikia mwaliko wetu pamoja na shughuli nyingi za wilaya. Picha unazoziona ukutani ni za bonde letu hili la mto Pangani, kuanzia Hale hadi Mkumbara: stesheni, maduka, viwanda vya mkonge, nyumba za ibada na watu wake. Tumezipata kwa wazee, maofisini na kwenye intaneti.

Mheshimiwa, bonde hili lilipigwa picha mapema kwa sababu reli ilipita mapema. Ujenzi ulianza Tanga mwaka 1893, ukafika Korogwe 1902, Mombo 1905 na Moshi 1911. Mkonge nao uliingia nchini wakati uleule reli ilipoanza kujengwa. Dk. Richard Hindorf, mtaalamu wa kilimo Mjerumani, aliagiza miche elfu moja kutoka Florida, ikafika Tanga 62 tu ikiwa hai. Kutokana na miche hiyo, mwaka 1964 nchi yetu ilizalisha zaidi ya tani 230,000 za singa, yaani nyuzi za mkonge. Waliokuja na reli na mkonge walikuja na kamera pia. Mmoja wao ni mpiga picha Mjerumani Walther Dobbertin, ambaye picha zake zimehifadhiwa katika Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa ya Ujerumani. Tangu mwaka 2008 hifadhi hiyo ilipoziweka picha zake nyingi huru kwenye intaneti, mwanafunzi wa Korogwe mwenye simu anaweza kuziona.

Jambo lililotuumiza tulipoanza kuzisoma picha za zama zile ni maelezo yake. Mwenye shamba anatajwa kwa jina. Mashine inatajwa, hata kiwanda ilikotengenezwa. Wanaobaki wameandikwa "wenyeji" au "vibarua", basi. Ndiyo sababu klabu yetu imejipa kazi moja tu, nayo ni kutafuta majina.

Tukuombe uisogelee kidogo picha iliyo karibu na mlango. Ni korona, yaani kiwanda cha kusindika majani ya mkonge kupata singa, ya shamba moja, miaka ya hamsini. Wanaume wamesimama kwa safu mbele ya mashine, majani yamelundikwa kwenye trole nyuma yao, na kila mmoja amejifunga gunia kiunoni ili maji ya mkonge yasimwashe. Tulipoipeleka kwa mzee mmoja wa Ngombezi, aliitazama kwa muda mrefu, kisha akaweka kidole juu ya mtu wa tatu kutoka kushoto. Alikuwa baba yake. Alimtambua kwa fundo la gunia, maana baba yake alilifunga ubavuni na wenzake walifunga nyuma. Baada ya hapo akaanza kuwataja wengine: huyu alitoka Njombe, huyu ni Mmakonde aliyevuka Ruvuma, huyu alikuja na familia kutoka Urundi. Mmoja alimkumbuka kwa namba yake ya kazi peke yake. Ndivyo ilivyokuwa kwa manamba, vibarua wa mkataba waliotambuliwa kwa namba, na tumeiandika hiyo namba chini ya picha kwa matumaini kwamba leo yupo mtu humu ndani atakayetupa jina lake.

Maduka ya Manundu yana habari nyingine. Baada ya majumba makubwa kutaifishwa mwaka 1971, familia nyingi za Kihindi ziliondoka na albamu zao. Familia moja iliyoko Kanada imetutumia picha ya baraza la duka lao kwa WhatsApp: mizani ya kuning'inia, debe la mafuta ya taa, na fundi cherehani ameinama juu ya kanzu. Jina la mwenye duka limechorwa ukutani kwa herufi kubwa. La fundi tulilipata sokoni, kwa mjukuu wake, ambaye naye anashona.

Ipo pia habari ya kebo, waya mnene wa kusafirishia mizigo angani, iliyoshusha magogo ya mitarakwa kutoka misitu ya Shume hadi relini Mkumbara, zama za Wajerumani. Vijana wengi wa Mkumbara hawajapata kuisikia.

Mheshimiwa, kazi hii inakwenda mbio na umri. Wazee wanaoweza kuitambua sura ya mtu wa mwaka 1955 wanapungua kila mwaka, na picha zenyewe zinaliwa na mchwa na unyevu ndani ya masanduku ya bati. Sisi tunazipiga picha upya kwa simu, na kioo cha fremu kikimetameta, sura hupotea.

Kwa hiyo tuna maombi matatu. Kwanza, tunaomba skana moja na kabati la chuma. Pili, tunaomba barua ya utambulisho kutoka ofisi yako, ili mashamba ya mkonge yatufungulie albamu na madaftari ya zamani ya mishahara; majina tunayoyatafuta yamo humo. Tatu, na hili halihitaji fedha, tunaomba kila kibali cha kubomoa jengo la zamani mjini kitolewe baada ya jengo hilo kupigwa picha, ndani na nje. Klabu iko tayari kufika siku yoyote itakayoitwa.

Wazee wetu, kalamu na karatasi vipo chini ya kila picha. Asiyeandika, atuite, mwanafunzi ataandika. Hata jina la utani tunalipokea.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tunaomba kuwasilisha.

Imesomwa na Katibu wa Klabu ya Historia