Mtandao unaotuma maana upimwe pia kwa Kiswahili

Mhariri,

Mazungumzo kuhusu 6G, kizazi cha sita cha mitandao ya simu, hapa nchini hayavuki suala la kasi, ilhali lenye uzito zaidi kwetu ni pendekezo la watafiti kwamba mtandao utume maana ya ujumbe badala ya kila biti yake, yaani kila sifuri au moja inayouunda.

Mwanahisabati wa Marekani Claude Shannon, katika makala yake ya 1948 iliyo msingi wa mawasiliano ya kidijitali, aliiweka maana kando kwa makusudi, akaona kuwa kazi ya mhandisi ni kuhakikisha alama zilizotumwa ndizo zinazopokelewa. Kwa pendekezo hili jipya, programu ya akili bandia upande wa mtumaji itachuja kiini cha ujumbe, na nyingine upande wa mpokeaji itaujenga upya kwa kutegemea maarifa ambayo zote mbili zimefundishwa. Masafa ya redio yanayobeba mawasiliano yataokolewa, jambo lenye manufaa makubwa kwa vijiji vya Longido.

Hofu yangu ni juu ya makosa. Leo biti zikiharibika njiani, mara nyingi mtandao hugundua na kuzituma tena, au simu hukatika na kila mtu akajua kuna tatizo. Programu iliyokosea maana, kinyume chake, yaweza kuleta sentensi safi, yenye sarufi kamili, isemayo jambo ambalo mtumaji hakulisema. Daktari wa Moshi akiiagiza zahanati ya Rombo impe mgonjwa nusu kidonge, nayo ikasoma kidonge kizima, nani atashtuka?

Hatari hiyo inazidi kwa lugha ambazo programu hazikufundishwa vya kutosha. DeepSC, mfumo wa 2021 wa kutuma maana unaorejelewa mno na watafiti, ulifundishwa kwa kumbukumbu za Bunge la Ulaya, tena za Kiingereza. (Taarifa rasmi za Bunge letu zipo kwa Kiswahili, ila sijui nani amezitumia kufundishia programu kama hizo.)

Umoja wa Kimataifa wa Mawasiliano ulipitisha mwongozo wa jumla wa 6G Novemba 2023, na viwango vyenyewe bado vinaandaliwa. Naiomba Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania idai humo kwamba miamala ya fedha, maagizo ya dawa na hati za kisheria ziendelee kutumwa biti kwa biti, na kwamba ujumbe wowote uliojengwa upya uwe na alama ya kumjulisha mpokeaji. Taasisi ya Sayansi na Teknolojia ya Nelson Mandela iliyopo Tengeru nayo iandae majaribio ya Kiswahili cha sokoni na hospitalini, si cha taarifa ya habari pekee.

Msomaji wako,
Sakina, Arusha