Kuhusu nargisi ulizoziona mlimani

Reading, Uingereza
22 Aprili

Kwa swahiba wangu Bakari,

Salaam nyingi sana kutoka kwangu na kwa wote wa nyumbani kwangu. Barua yako ya Coimbra, Ureno, ilinifikia juzi pamoja na zile picha tatu ulizopiga kwenye milima ya Serra da Estrela, nami nimezikalia jioni mbili nzima kabla ya kushika kalamu. Umeniuliza mambo mawili kwa mstari mmoja: haya ni maua gani, na je, unichimbulie tunguu moja moja uniletee utakapokuja kunitembelea. Jibu la swali la pili ni fupi. Tafadhali usichimbe hata moja, na sababu zake nitakueleza mbele. La kwanza ndilo litakalonimalizia karatasi.

Maua hayo yote matatu ni nargisi, jina ambalo bila shaka umewahi kulisikia likiitwa mtoto wa kike. Najua kwamba mtu akilitaja ua hilo huko Ulaya, wengi huona akilini lile kubwa la manjano linalouzwa kwa mafungu madukani mwezi wa Machi. Hilo ni chotara la bustani, lililozalishwa na watu kwa vizazi vingi. Uliyoyaona wewe ni jamaa zake wa porini, mengine hayafiki urefu wa kiganja, na Ureno, Hispania na Moroko ndiko kuliko na spishi nyingi kuliko mahali pengine popote. Umebahatika kuishi katikati ya ukoo wao, nami niko huku nawalea wachache ndani ya vyungu.

Picha ya kwanza hainipi shaka. Petali zimesinyaa zikawa kama vijiti sita vyembamba, na kile kikombe cha katikati, ambacho wataalamu hukiita taji, kimepanuka kama faneli ya kumiminia mafuta hadi kikawa ndicho ua lenyewe. Kwa jina la kitaalamu hiyo ni Narcissus bulbocodium, na umbo hilo la faneli ni la kundi lake peke yake. Hata hivyo, ukiniuliza ni bulbocodium ya namna gani, nitanyamaza, maana ndani ya kundi hilo wataalamu wenyewe hawajapatana. Hapo Coimbra aliishi Abílio Fernandes, mtaalamu wa mimea ambaye kwa miongo mingi tangu miaka ya 1930 alihesabu kromosomu za nargisi, yaani zile nyuzi za urithi zilizomo ndani ya seli, na mimea ya kundi hili inayofanana machoni ilionekana kuwa na hesabu tofauti: mingine ina 14, mingine 28, mingine zaidi. Jicho halihesabu kromosomu. Mimi katika vibao vyangu huandika jina la spishi na mahali mbegu ilikotoka, basi.

Picha ya pili, ile ya ua moja la manjano lililochomoza kwenye ufa wa jabali, ndiyo iliyoninyima usingizi. Petali zimelala bapa kama sahani na taji ni dogo, la kina kifupi. Kwa mahali ulipo na kwa kule kupenda jabali, nadhani ni Narcissus rupicola. Lakini picha umeipiga kutoka juu, na majani hayaonekani, nayo majani ndiyo yanayoamua shauri. Ukirudi, lishike jani bila kulikata, uligeuze uone mgongo wake. Likiwa na rangi ya kijivu chenye ubuluu na mifereji, na mgongoni limeinuka mistari miwili kama mikuku miwili ya jahazi, tuko kwenye ukoo wa rupicola. Likiwa la kijani kibichi na la mviringo kama unyasi wa ukindu wa majini, basi ni wa ukoo wa jonquilla, nami nitakuwa nimekosea. Kisha hesabu maua kwenye bua moja. Rupicola kwa kawaida hubeba moja tu, ilhali ndugu zake wa Ureno, scaberulus wa bonde la Mondego na calcicola wa miamba ya chokaa, huweza kubeba mawili au zaidi.

Ya tatu ni maua meupe yaliyoinamisha vichwa, petali zimepinduka kurudi nyuma kana kwamba yanakimbia dhidi ya upepo. Narcissus triandrus. Hapa nakuomba uchukue ile lenzi yako ya kukuzia na ukae chini kwenye nyasi, kwa sababu hakuna nargisi yenye siri nzuri kama hii. Chungulia ndani ya taji la mmea mmoja, kisha la jirani yake, kisha la wa tatu. Utaona kwamba urefu wa pistili, kile kiungo cha kike cha ua, hautoshani: katika mmea mmoja imechomoza mbele ya stameni zote, zile za kiume zenye chavua, katika mwingine imejificha ndani kabisa ya mrija, na katika baadhi ya maeneo ipo namna ya tatu iliyo katikati. Stameni nazo hupangika katika ngazi mbili, kwa namna ambayo chavua anayoibeba nyuki kutoka kwa mmea wa namna moja hufikia vizuri zaidi pistili ya mmea wa namna nyingine. Ni mpango wa ndoa usiopenda ndugu kuoana. Kwingine utakuta namna mbili tu, kwa hiyo usivunjike moyo ukikosa ya tatu. Niandikie tu hesabu.

Sasa kuhusu kuchimba. Triandrus imo katika orodha ya mimea inayolindwa na sheria ya makazi ya viumbe ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 1992, na matunguu hayaingii Uingereza bila cheti cha afya ya mimea. Lakini hata sheria zisingekuwepo ningekukataza, kwa kuwa tunguu lililong'olewa likiwa na ua halina maisha marefu. Wakati huo ndipo majani yanapolijaza chakula cha mwaka ujao. Ukikata kazi hiyo katikati, utaniletea maiti iliyovaa vizuri.

Nargisi hizi ndogo hukuzwa kwa mbegu, na mimi sikuamini hivyo mpaka nilipopata hasara. Miaka sita iliyopita nilinunua kwa bei ya kuumiza chungu chenye kibao cha Narcissus cyclamineus, ile ya kaskazini-magharibi mwa rasi ya Ureno na Hispania, ambayo petali zake zimerudi nyuma kabisa kama masikio ya sungura aliyetishika. Lilipochanua, petali zilikuwa zimerudi nusu tu, na taji lilikuwa nene. Lilikuwa chotara. Nilikasirika, kisha nikacheka, kwa sababu ua hilo lina historia ya kutoaminika: lilichorwa Ufaransa mwanzoni mwa karne ya 17, halafu likapotea machoni pa wataalamu hadi William Herbert, kasisi wa Kiingereza aliyeyajua maua ya ukoo huu kuliko wenzake wa zama zile, akaandika kwamba kitu kama hicho ni upuuzi na hakitaonekana kamwe. Mwaka 1885 likaonekana Ureno, si mbali na Porto, likiota zake kwenye unyevu.

Tangu hapo napanda mbegu. Ni nyeusi, zinang'aa, na hukomaa mwanzoni mwa kiangazi. Mimi huzitia chunguni mwezi wa Septemba, katika mchanganyiko ambao nusu yake ni changarawe na mchanga mkavu wa chembe kubwa, na juu nafunika kwa changarawe tupu ili kuvu na ndege wasizisumbue. Vyungu hukaa nje kwenye baridi, maana baridi na mvua ndivyo vinavyoziamsha. Kinachoota kwanza ni kichipukizi kimoja chembamba kama uzi, na mtu asiyejua hukidhani ni nyasi na kuking'oa, kama nilivyofanya mwaka wa kwanza. Chungu kiwe kirefu, kwa kuwa tunguu changa lina mizizi inayojikunja na kulivuta chini mwaka hadi mwaka. Kutoka mbegu hadi ua la kwanza ni miaka mitatu hadi mitano. Mke wangu husema kwamba angekuwa na subira hiyo angepanda mnazi.

Kiangazi ndicho kinachoua zaidi, na hapo spishi hazifanani. Bulbocodium na rupicola majani yakishanyauka hutaka zikauke, kama zinavyokaushwa na jua la kwao. Chungu changu cha kwanza cha rupicola nilikimwagilia Julai kwa huruma, na Septemba nilipokimwaga nilikuta matunguu yameoza kwenye kitako, kazi ya kuvu wa Fusarium. Cyclamineus kinyume chake hataki kukaukiwa hata mwezi mmoja, na hupenda udongo wenye asidi. Siku hizi vyungu vya cyclamineus viko kivulini karibu na bomba la maji, na vile vingine viko ndani ya kibanda cha vioo, vimefukiwa hadi shingoni kwenye mchanga ili joto lisivichome ubavuni. Ndani ya kibanda hicho Narcissus romieuxii wa milima ya Atlas hunichanulia mwezi wa Januari, rangi ya malai, theluji ikiwa nje. (Matunguu yaliyopumzika, kwa njia, yasikae karibu na jiko. Yanafanana na vitunguu vidogo na yana sumu, na mimi nimeshapigwa marufuku.)

Kama unataka kuona bulbocodium inavyoishi ikiachiwa, ukija nitakupeleka bustani ya Wisley, ambako kuna mteremko wa nyasi umejaa maelfu yake, yaliyojipanda yenyewe kwa sababu watunzaji hawakati nyasi mpaka mbegu zimwagike. Njoo Machi, si Agosti kama ulivyopanga.

Basi Jumapili ukipata nafasi, panda tena hadi kwenye lile jabali, utazame mgongo wa jani na uhesabu maua kwenye bua. Piga picha kutoka ubavuni safari hii, uweke na sarafu kando ili nijue ukubwa. Kibao cha chungu nilichokitenga kwa ajili ya rupicola nimekiacha kitupu mpaka barua yako ifike.

Wasalimie jamaa wote wa huko. Mama watoto anakusalimu.

Wako,
Saidi