Tuulize dawa ya maumivu inakwenda kwa nani

Mhariri,

Naomba nafasi kwenye gazeti lako niseme na wauza dawa wenzangu, na wote wanaofuga paka hapa Kigoma.

Duka langu liko Mwanga. Mji huu unakula dagaa na kuuza dagaa, na penye dagaa panya hawakosi, kwa hiyo ukipita stoo za Kibirizi au Katonga utakuta paka. Paka hao wanazeeka. Kuna waliogongwa na bodaboda wakabaki wanachechemea, na kuna ambao viungo vimekakamaa kwa umri tu: aliyekuwa akiruka juu ya magunia sasa anakaa chini anayatazama. Mwenyewe anaingiwa na huruma. Anachukua dawa anayomeza yeye kwa ajili ya mgongo, anaivunja, anaisagia kwenye mchuzi. Paka akichangamka kidogo, basi dozi inakuwa ya kila siku.

Bibi mmoja wa Ujiji, mteja wangu wa siku nyingi, alikuwa akimpa paka wake diklofenaki hivyo. Alikuja akaniambia, "Mwanangu, nyau wangu hali tena. Anakunywa maji mpaka namshangaa, na choo chake cheusi kama lami." Nilimwomba aache dawa papo hapo, tukampeleka kwa mtaalamu wa mifugo. Figo zilikuwa zimeshaharibika. Paka alikufa, na bibi bado ananiuliza kama ni yeye aliyemuua. Simlaumu hata kidogo. Alinunua dawa kaunta mara nyingi na hakuna aliyemuuliza ni ya nani.

Ini la paka halifanyi kazi kama letu. Limepungukiwa na kimeng'enya kinachosaidia kuvunja dawa nyingi za maumivu ili zitoke mwilini. Aspirini huweza kukaa katika damu ya paka hadi nusu yake ipungue baada ya saa 40 hivi. Ukimpa kila siku, ya leo inaikuta ya jana na ya juzi. Parasetamoli ndiyo mbaya kupita zote: kidonge kimoja cha miligramu 500 kinatosha kumuua. Damu inashindwa kubeba oksijeni, ufizi unageuka kahawia, uso na nyayo vinavimba. Hiyo asipewe kabisa, hata kipande.

Diklofenaki na ibuprofeni zina njia nyingine ya kudhuru. Zinazima kemikali zinazoleta maumivu, lakini kemikali za jamii hiyohiyo ndizo zinazolinda utando wa tumbo na kuhakikisha damu inafika vizuri kwenye figo. Tumbo linapata vidonda, figo zinakosa damu. Paka asiyekunywa maji ya kutosha ndiye anayeumia zaidi, na paka wetu wengi wanakula dagaa wakavu. Waloweke jamani, au muwape na mchuzi usio na chumvi wala vitunguu.

Sisemi paka aachwe na maumivu yake. Zipo dawa za kutumia muda mrefu. Barani Ulaya meloksikamu ya maji kwa ajili ya paka imeruhusiwa tangu 2007 kwa maumivu ya viungo, kwa kipimo kidogo sana: miligramu 0.05 kwa kila kilo baada ya siku ya kwanza. Marekani, kwa upande wao, waliweka onyo kali mwaka 2010 kwamba kuirudiarudia kumehusishwa na figo kufeli na vifo. Ndiyo maana inataka daktari wa mifugo, vipimo vya damu na mkojo, na kuacha mara moja paka akitapika au akikataa chakula. Sasa piga hesabu: paka wa kilo 4 anahitaji miligramu 0.2 kwa siku. Kidonge cha binadamu kina 7.5. Nani ataweza kukigawa vipande 37? Na akishapewa dawa hizi, asichanganyiwe na prednisoloni, dawa ya kupunguza uvimbe na mzio, maana vidonda vya tumbo vinakuja haraka zaidi na vinaweza kutoboka.

Ninaliomba Baraza la Famasi likae na Baraza la Veterinari, waweke somo la wanyama katika mafunzo ya wauza dawa. Maofisa mifugo wa kata nao waache namba zao za simu madukani kwetu, ili mteja mwenye paka mgonjwa tumwelekeze kwa mtu badala ya kumrudisha mikono mitupu. Wenzangu wa Gungu, Buzebazeba na Ujiji, tusisubiri hayo yote. Mtu akiomba dawa ya maumivu, muulize anayeumwa ni nani. Akisema paka, usimuuzie.

Muuza dawa,
Mwanga, Kigoma