Barua kwa mwanangu aliye Eldoret

Mwanangu,

Salamu kutoka nyumbani. Babako hajambo, mguu umepoa, na mahindi tumeyaingiza ghalani kabla mvua haijatuaibisha.

Ujumbe wako wa sauti niliusikiliza nikiwa jikoni. Unasema darasa lenu limegawanyika tangu siasa zianze kuchemka, hawa wana kundi lao la WhatsApp na wale wana lao, na wewe umebaki katikati ukiwaandikia kwamba tukipendana haya yote yatakwisha. Halafu ukaniuliza, "Mama, kwani upendo hautoshi?"

Hautoshi. Ninakuandikia badala ya kukupigia kwa sababu kwenye simu utanikatiza.

Karibu na hapo unaposomea kuna mahali panaitwa Kiambaa. Tarehe 1 Januari 2008, watu waliokuwa wamekimbilia kanisani, wengi wao wanawake na watoto, walichomewa humo ndani. Tume ya Jaji Waki ilihesabu watu 1,133 waliouawa nchi nzima katika ghasia zile za baada ya uchaguzi wa Desemba 2007. Usidhani kabla ya hapo watu wa sehemu hizo hawakupendana. Walikuwa wameoana, wakiuziana maziwa, wakizikana. Upendo ulikuwepo. Kilichokosekana ni utaratibu: uvumi ukifika kijijini usiku, nani apigiwe simu, nani aende akahakikishe, vijana waliokusanyika njia panda wanamsikiliza nani. Na suala la ardhi lilikuwa limeachwa likioza, wanasiasa wakija kulichokonoa kila uchaguzi.

Unajua kwamba nilifundisha Wajir, kule kaskazini, miaka ya tisini, wewe hujazaliwa. Sisi tuliotoka huku chini tuliitwa nywele ngumu, mara kwa utani, mara bila utani. Nilikuta vita vya koo vimepamba moto: Degodia, Ajuran, Ogaden. Ukame ulikuwa umemaliza mifugo, bunduki zilikuwa zimemiminika kutoka Somalia baada ya serikali ya Siad Barre kuanguka mwaka 1991, kisha uchaguzi wa 1992 ukazidisha.

Sokoni, mama wa ukoo huu hakumuuzia wa ukoo ule. Jirani yangu alikuwa na mtoto mgonjwa, na maziwa ya ngamia siku hizo yaliletwa na wanawake wa upande wa pili. Akanituma mimi, kwa kuwa sikuwa na ukoo. Akanipa noti na chombo chake cha kusuka, kile kinachofukizwa moshi ndani ili maziwa yasiharibike. Muuzaji alikipokea, akakigeuzageuza, akaitazama ile kazi ya mkono kwa muda. Kisha akanitazama usoni. Alijua kabisa si changu. Akamimina, akapokea pesa, na nilipogeuka kuondoka akaniambia kwa Kiswahili chake cha kukatakata, "Mwambie achemshe, haya yamekaa juani."

Hebu fikiria hilo, mwanangu. Huruma ilikuwepo katika soko lile. Ila yule mama angemuuzia jirani yangu mkono kwa mkono, watu wake mwenyewe wangemgeukia. Kwa hiyo huruma yake ililazimika kupitia kwa mwalimu wa kutoka mbali, kwa siri, kibaba kwa kibaba.

Walioifungulia mlango ni wanawake wenyewe. Mmoja wao alikuwa Dekha Ibrahim Abdi. Alisimulia jinsi alivyojificha chini ya kitanda na mtoto wake mchanga risasi zikilia nje, kisha mama yake akamwambia kwamba naye, miaka ya sitini, alijificha vivyo hivyo akiwa na Dekha mwenyewe. Akaona kama hatafanya kitu, mtoto wake naye atakuja kulala chini ya kitanda na wa kwake. Wanawake wachache walikutana arusini mwaka 1993, wakaanza kuongea. Hawakuanza kwa kuhubiri. Walianza na soko: kila mama, wa ukoo wowote, auze na anunue bila kubughudhiwa. Wakaweka wanawake wa kuangalia soko, na kamati ya kusuluhisha panapotokea ugomvi.

Kulikuwa na swali ambalo Dekha aliwauliza waliotaka kujiunga: watu wa ukoo wangu wakiwaua jamaa zako, utaendelea kufanya kazi hii ya amani pamoja nami? Kama huwezi kusema ndiyo, usijiunge. Swali zito lile. Halimtaki mtu apende, maana nani atakuahidi moyo wake utakuwaje siku ya msiba? Linamuuliza kama kesho yake atakuja mkutanoni.

Kutoka hapo wakawafuata wazee, na wazee wakamchagua msemaji kutoka ukoo mdogo kabisa, asiyeweza kushukiwa kwamba anautafutia ukoo wake ubabe. Vijana wakaingia, serikali ikaingia. Ngamia wakiibwa au mtu akiuawa, gari liliondoka na mzee, mama, kijana na askari, wakafike kabla ya kisasi. Kamati za namna hiyo zikaenea wilaya nyingine za kaskazini, na baada ya yale ya 2008 zikapelekwa nchi nzima.

Sikwambii kila walichofanya kilikuwa chema. Katika makubaliano ya amani ya Modogashe ya mwaka 2001, diya, yaani fidia ya aliyeuawa, ya mwanamume iliwekwa mifugo 100 na ya mwanamke 50. Nusu mtu! Mpaka leo nina ugomvi na wazee wale kwa hesabu hiyo, hasa nikikumbuka ni nani waliolianzisha jambo lenyewe.

Sasa najua utanijibu na basi la Mandera, kwa sababu ulilisimulia kanisani ukiwa kidato cha pili. Novemba 2014 al-Shabaab walisimamisha basi karibu na Mandera, wakawatenga wasio Waislamu, wakaua watu 28. Desemba 21, 2015, karibu na El Wak, wakasimamisha jingine. Safari hii Waislamu wakakataa kutengwa. Wanawake wakawafunika Wakristo kwa hijabu zao, abiria wakawaambia wale watu wawaue wote au wawaache wote. Salah Farah, naibu wa mwalimu mkuu, alipigwa risasi, akafariki hospitalini Januari 2016 akiwa bado anatibiwa. Rais akamtunuku nishani baada ya kifo chake.

Ukiniambia ule ni upendo, sitabishana nawe. Ila watu wale hawakufahamiana. Walikuwa abiria tu. Walichokuwa nacho ni kukataa, na walikataa kwa viungo vya mwili, kwa kuvua kitambaa, kwa kutoshuka. Na tazama kilichofuata: walimu wengi kutoka huku chini waliendelea kukataa kurudi kaskazini, na siwalaumu, wana watoto pia. Shule zikabaki na madarasa yasiyo na mwalimu. Ushujaa wa dakika chache uliokoa maisha ya abiria wengi, lakini haukuweza kumrudisha mwalimu wa hesabu darasani. Hilo lilihitaji ulinzi wa kila siku, nyumba za walimu, na watoto wa huko huko kusomeshwa ualimu. Mambo yasiyoimbiwa wimbo.

Kwa hiyo acha kwanza kuandika ujumbe mrefu kwenye kundi. Wanaokubaliana nawe watakutumia vikopa, wengine watapita.

Ila kuna jambo ulilitaja kwa kupita tu, nami ndilo lililonikaa: kwamba mwenzenu wa chumba cha tatu amefiwa na babake, na mchango umetoka upande mmoja peke yake. Hapo ndipo pa kushika. Tafuta mtu mmoja wa upande wa pili, yule anayeheshimiwa, si yule anayependa kuongea, muwe waweka hazina wawili. Daftari moja, majina yote yachanganywe kwa alfabeti ili isionekane nani ametoka wapi. Nenda naye mlango kwa mlango. Wapo watakaokwambia maneno. Sikiliza, andika sufuri, endelea na mlango unaofuata. Na mkipata gari la kwenda mazishini, msikubali magari mawili.

Nimekutumia elfu mbili kwa M-Pesa. Moja ni ya mchango, uandike kwa jina langu. Nyingine ni nauli yako, usiile. Na unijulishe mapema mazishi ni siku gani, maana babako anasema mguu ukikubali naye atakuja.

Mamako