Ukurasa mzima wa ukuta, mstari mmoja wa walinzi

Mhariri,

Gazeti lako nalisoma miaka kumi na saba hapa Wete na sijapata kukuandikia. Safari hii nimeshindwa kunyamaza. Katika habari yenu ya mvutano wa Washington uliofunga sehemu ya serikali ya Marekani, Rais Trump na dola bilioni 5.7 alizotaka za ukuta wake wa mpaka wa Meksiko mmewapa safu nne, Nancy Pelosi, Spika wa Bunge la Wawakilishi, na chama chake cha Democratic waliomkatalia safu mbili, halafu chini kabisa mstari mmoja kwamba wapo watumishi waliokosa mshahara.

Wapo! Walinzi wa Pwani wa Marekani peke yao walikuwa watu wapatao 42,000, na tarehe 15 Januari 2019 mshahara wao haukuingia. Wakaguzi wa viwanja vya ndege nao walikosa mshahara. Wote wako chini ya Wizara ya Usalama wa Ndani, iliyoundwa baada ya mashambulizi ya 11 Septemba 2001 ili Wamarekani walale salama. Siku 35, tangu 22 Desemba 2018, watu walilinda nchi huku wengine wakipanga foleni ya chakula cha msaada. Mishahara ya wabunge waliokuwa wakivutana haikukatika. Hilo hamkuliandika.

Mwaka 1998 nililinda godauni la saruji la mabwana wawili wenye ushirika. Waligombana nani atie saini, nikakaa miezi mitatu bila mshahara. Kila magharibi nilikwenda langoni, maana mzigo ukiibiwa ningekamatwa mimi. Mwenye duka alinikopesha mchele hadi daftari likajaa jina langu, akashuka mpaka nusu kilo, mwisho akiniona naja anaingia ndani. Mwanangu mkubwa aliacha skuli muhula mzima akachume karafuu. Mke wangu aliuza cherehani yake. Mabwana walipopatana walikunywa kahawa mbele yangu, hakuna aliyeniuliza nimekula nini. Mliandika kwamba Wamarekani watalipwa malimbikizo yao. Na mimi nililipwa. Cherehani haikurudi.

Tena koti la mvua sikupewa hata siku moja. Walinzi wa mjini hapa mpaka leo masika inawakuta chini ya bati lenye matundu, na betri za tochi wanajinunulia. Nalo hilo hamjaliona.

Mapatano ya Ijumaa, 25 Januari 2019, ya kufungua serikali yalikuwa ya wiki tatu tu, hadi 15 Februari. Wakianza tena, wekeni ukurasa wa kwanza, juu ya picha za wakubwa, hesabu ya siku ambazo mlinzi hajalipwa. Na mshahara wa mbunge usimame siku ileile unaposimama wa mlinzi, urudi siku saba baada ya wake.

Mlinzi mstaafu,
Wete, Pemba