Kipimo cha choo kuwa safi sio mwisho wa habari

Mhariri, salaam.

Mi ni mtu wa maabara, naomba nafasi kidogo niseme hili la minyoo, maana watu wameshika kwamba minyoo ni tumbo kuuma na mtoto kukonda basi, kumbe kuna anayekuja na kikohozi. Ndio, kikohozi. Mayai ya ile minyoo mikubwa ya mviringo ukiyameza yanaanguliwa utumboni, vitoto vyake vinaingia kwenye damu hadi mapafuni, mtu anakohoa na kubanwa kifua kama ana pumu, anapewa antibayotiki anarudi vilevile. Na choo siku hizo ukipima huoni kitu, mnyoo unachukua miezi miwili mitatu ndo uanze kutaga! Hapo bora ipimwe damu kuona kama esinofili (aina ya chembe nyeupe za damu) zimepanda, ingawa hata aleji inazipandisha, kwa hiyo nazo sio jibu peke yake.

Safura, ile minyoo inayonyonya damu utumboni, nayo hivyohivyo. Mama anachoka, moyo unamwenda mbio, anatamani udongo, majirani washasema ni mimba au karogwa, kumbe damu imepungua.

Ila wanaonitisha zaidi ni strongiloidi, minyoo wengine wadogo sana wa utumboni. Hawa kwenye choo unatafuta vitoto, sio mayai, na leo vipo kesho havipo. Wanajizalisha humohumo mwilini, mtu anaweza kukaa nao miaka na miaka, dalili pekee pengine ni mstari unaowasha matakoni au pajani, unahama ndani ya masaa, naye anapaka dawa ya fangasi. Albendazole ya mara moja mara nyingi haiwamalizi, dawa yao ni ivermectin. Sasa mtu huyo apewe prednisolone ya kumeza kwa ajili ya pumu, kinga inashuka, wanasambaa mwili mzima, na hapo watu wanakufa.

Kwa hiyo ndugu wasomaji, dalili zikiendelea rudieni kipimo, hata mara tatu siku tofauti, na choo kiwe cha muda huohuo, sio cha jana kwenye kiboksi cha kiberiti (bado mnaleta!). Na nyie madaktari, fomu inakuja imeandikwa "choo" tupu, sijui mgonjwa anakohoa au anawashwa, nitajuaje natafuta nini? Andikeni dalili, mistari miwili tu inatosha.

Mtu wa maabara,
Tanga