Huyo Mwenye Ngozi ya Simba Si Alexander

Kazi yetu ni kutambua sarafu za kale za Kigiriki. Mteja mmoja alituletea sarafu ya fedha ndani ya kasha la kiberiti, imeviringishwa pamba. Marehemu baba yake alikuwa baharia, akainunua Piraeus, bandari ya Athens, na muuzaji akamhakikishia kwamba ile ni sura ya Alexander Mkuu. Mteja alitaka tumwambie bei tu. Sura aliona ameshaijua.

Tukamwomba aitazame tena. Kijana hana ndevu, amevikwa ngozi ya simba kichwani: taya la juu limekaa kwenye paji lake, sikio la mnyama limesimama, makucha yamefungwa fundo shingoni. Huyo ni Herakles, shujaa wa hadithi za Kigiriki, aliyemuua simba wa Nemea akavaa ngozi yake. Ukiigeuza, mzee wa ndevu ameketi kitini, tai yuko mkononi, mkono wa pili umeshika fimbo ndefu: Zeus, mkuu wa miungu ya Kigiriki. Kando yake pameandikwa ΑΛΕΞΑΝΔΡΟΥ, na hapo ndipo wengi huteleza. Neno hilo maana yake ni "ya Alexander", yaani mwenye kuitoa sarafu. Vivyo hivyo ΣΥΡΑΚΟΣΙΩΝ ni "ya watu wa Syracuse", mji wa Wagiriki kisiwani Sisilia. Mungu mwenyewe mara nyingi haandikwi jina. Mgiriki wa wakati ule alimjua kwa vitu vyake.

Ndiyo maana tukipokea picha yako tunaanza na kilichopo kichwani na mkononi, uso baadaye. Apollo, mungu kijana wa kiume, huletwa kwetu kama mwanamke mara nyingi ajabu, kwa sababu ya nywele ndefu, shavu laini na taji la majani ya laureli. Taji hilohilo likiwa kwenye kichwa chenye ndevu, fikiria Zeus kwanza. Ndevu na mkuki wa ncha tatu ni Poseidon, mungu wa bahari. Kuna sarafu ya wafalme wa Makedonia, wa ukoo wa Antigonos, ambayo amevikwa mwani kichwani. Wakulima wa mwani wa Paje, Zanzibar, wangemtambua kabla yetu.

Athena, mungu wa kike, anasumbua kidogo kwa sababu hubadilisha kofia ya vita. Ile ya Athens ina shungi na majani ya mzeituni, na upande wa pili yuko bundi pamoja na herufi ΑΘΕ (bundi huyo leo yuko kwenye sarafu ya yuro 1 ya Ugiriki). Ya Korintho imesukumwa juu, uso ukabaki wazi, na nyuma kuna Pegasus, farasi mwenye mabawa. Watu humwita askari.

Mwanamke aliyezungukwa na pomboo kwenye sarafu za Syracuse si Aphrodite, mungu wa mapenzi. Ni Arethusa, mwenye chemchemi ambayo mpaka leo ipo kisiwani Ortygia.

Na Alexander je? Yupo, ila mtafute kwa pembe ya kondoo dume inayojikunja juu ya sikio, pembe ya Zeus Ammon, yaani Zeus aliyeunganishwa na mungu Amun wa Misri. Sarafu hizo zilitolewa na Lysimachus, mmoja wa majemadari wake, baada ya bwana wake kufariki mwaka 323 KK.

Ukitutumia picha, piga pande zote mbili na ukingo, taa ikiwa ubavuni, kisha utuandikie uzito. Tafadhali usiisugue kwa ndimu na majivu! Unafuta alama tunazozitegemea, na thamani inaondoka nazo. Kutaja mungu na mji hatutozi. Bei hatuisemi mpaka tuishike sarafu mkononi.

Ile ya baharia tuliiweka kwenye mizani ikasoma gramu 11. Tetradrakma (sarafu ya drakma nne) halisi ya Alexander hukaribia gramu 17. Ukingoni mshono mwembamba ulizunguka pande zote: ilimiminwa kwenye kalibu, haikugongwa kwa nyundo. Mteja akanyamaza, halafu akauliza kama bado ni Herakles. Tukamwambia ndiye. Akairudisha kwenye pamba yake.